Wimbo Ulioishia Molo

Bi Zuhura tulimpoteza mwezi uliopita. Wanaume walipokwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki nyumbani kwake mtaa wa Bondeni, na mimi nikaketishwa kwenye mkeka mmoja na binti zake, mahali pa watoto wa nyumba. Mjukuu wake, msichana mwenye maneno mengi kama nyanya yake, aliangalia kitambaa changu cha kanisani, akaniuliza, "Nyanya, na wewe Mkristo wa Kabazi, uliingiaje kwenye mkeka wetu?" Nilicheka msibani, Mungu anisamehe, na Bi Zuhura naye angenisamehe upesi zaidi. Nilimwambia kwamba niliingia kwa mlango wa dukani, mwaka ambao babu yake alikuwa akitengeneza sahani za muziki, na nusura nitolewe kwa mlango huo huo kwa sababu ya wimbo mmoja. Akataka kusikia yote. Sikumaliza siku ile kwa sababu chai ililetwa, na watu wakaanza kugombania vikombe. Basi nayaandika hapa. Habari za ukoo wangu, nani alimzaa nani na alitoka wapi, nitawaachia wanaopenda mambo hayo.

Duka la Bwana Shebe, mume wa Bi Zuhura, lilikuwa mtaa wa nyuma wa soko la Nakuru. Mbele aliuza gramafoni, sindano zake, betri za tochi na leso za kanga, na nyuma alikuwa na ua, jiko la Bi Zuhura, chumba nilicholala mimi, msichana wao wa kuuza dukani, pamoja na magunia ya mchele, na godauni. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo hata akilala nadhani hakuivua. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutengeneza gramafoni zilizoharibika. Alizoea kusema kwamba ukitaka kumjua mtu, sikiliza wimbo ulioichosha mashine yake. Na kila mashine iliyoletwa, awe mwenyewe ni mpishi wa mzungu au mwuza maziwa wa Molo, ilikuwa imechoshwa na nyimbo za watu wa mbali: Kongo, Unguja, hata Wazungu wenye tarumbeta. "Hakuna aliyewaimbia watu wa Njoro," alisema, na akalifanya jambo hilo kuwa biashara. Kampuni kubwa za Nairobi zilikuwa na vyumba vyenye vioo na zulia. Yeye alikuwa na godauni lililokuwa limewekwa maua makavu ya pareto, na jina alilolichagua mwenyewe, Heroe, kwa ajili ya wale ndege wekundu wa ziwani. Hakuna mtu wa bara aliyejua kwamba heroe ni ndege. Wateja walitazama ile karatasi ya rangi ya waridi katikati ya sahani, wakaona picha, wakasema, "Nipe moja ya hizo za ndege." Alikasirika mwaka mzima, halafu akazoea.

Godauni lile ndilo lililokuwa studio. Kuta zote alizifunika kwa magunia matupu ya pareto ili sauti isirudi, na kweli haikurudi, ila vumbi la pareto lilibaki ndani ya magunia na kila mwimbaji aliyeingia alipiga chafya kabla ya kuimba. Bi Zuhura alisimama mlangoni na birika la chai ya tangawizi, akamnywesha mtu hadi pua inyamaze. Alikuwa na sheria yake moja: hakuna kuimba kabla ya kula. Wageni walikalishwa uani juu ya mikeka, wakaletewa mahamri na mbaazi za nazi, nazi ambayo ilikuja kwa treni kutoka kwa dada yake na kupokewa stesheni kwa heshima kuliko abiria. Mimi niliyelelewa kwa irio na maziwa ya mgando nilidhani mbaazi zile ni tamu kupita kiasi, kwamba kuna dhambi mahali fulani. Bwana Shebe alinung'unika. "Mtu aliyeshiba huimba polepole," alimwambia mkewe, "na mashine haingoji." Naye Bi Zuhura akamjibu akiwa anachota, "Na mwenye njaa huimba kama anayefukuzwa. Chagua, baba watoto."

Mashine yenyewe haikuwa yetu. Fundi mmoja alikuja nayo kutoka Nairobi, kijana mkimya wa Kihindi, akaifungua juu ya meza kama daktari anayetaka kupasua. Ilichonga sauti moja kwa moja kwenye sahani laini, na upande mmoja wa sahani ulichukua kama dakika tatu, basi. Ukikosea, sahani imeharibika. Ukichelewa, wimbo umekatika. Sahani hizo zilipelekwa Ulaya kwa meli, zikakaa huko miezi, kisha zikarudi ngumu na nyeusi ndani ya masanduku ya majani makavu. Siku hizi wajukuu wangu wanapiga wimbo kwenye simu na kuutuma Eldoret kabla sijafunga mdomo. Hawataelewa jinsi tulivyongojea. Lakini nawaambia kwamba kitu kilichongojewa namna ile mtu hakisikilizi akiwa anaosha vyombo.

Sasa Zakayo. Alikuwa mpiga gita, na alikuwa utingo wa lori la mboga lililotoka Molo na viazi, likateremka hadi Mai Mahiu, kisha likarudi. Alikuja dukani kununua nyuzi za gita, akarudi kununua nyuzi nyingine, na mara ya tatu, hadi Bi Zuhura akauliza kama gita lake linakula nyuzi. "Mapenzi ni kikohozi," aliniambia jikoni siku ile, akiwa anakuna nazi bila hata kunitazama, "na wewe, Tabitha, unakohoa tangu Jumatatu." Ilikuwa kweli. Alikuwa na sauti yenye mikwaruzo kidogo na meno mazuri, na alijua kwamba ana meno mazuri.

Wimbo ulikuwa wake, lakini ufundi wa biashara ulikuwa wa Bwana Shebe. Aligundua kwamba mtu ananunua sahani upesi akisikia kwao kumetajwa. Kwa hiyo alimwambia Zakayo atunge safari ya lori, kila mji na ubeti wake: lori linaanza Mai Mahiu, linapumzika Naivasha, linapita Gilgil, linafika Nakuru, linapanda Njoro, linafika Molo kwenye baridi. Na mwisho kabisa, dereva anaambiwa ageuze lori, asilale Molo, aende Kabazi, kwa kuwa huko ndiko kuna mtu. Ubeti huo wa Kabazi Bwana Shebe hakuuagiza. Zakayo aliuweka mwenyewe. Kabazi ndiko nilikotoka, na baba yangu alikuwa nyapara wa ng'ombe katika shamba la mzungu kule, na Zakayo alikuwa ameshakwenda kwake kujitambulisha, akamwimbia mzee ubeti huo sebuleni. Baba alipiga kikohozi kimoja, akaomba aimbiwe tena. Wiki hiyo aliuza ndama, akaja mjini na shati la Jumapili, akanunua gramafoni kutoka kwa Bwana Shebe. Kabazi nzima ilijua kwamba Mzee Nahashoni amenunua kinanda kwa sababu Kabazi itakuwa ndani ya sahani.

Siku ya kuchonga wimbo ilikuwa ya jua na vumbi. Zakayo alikula mahamri, akapiga chafya zake, akanywa tangawizi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kando ya Bi Zuhura, nikiwa na leso mpya. Basi yule kijana, badala ya kuanza kuimba pale alipopaswa kuanza, aliniona, akaanza kupiga gita. Alipiga mwanzo mtamu, akaupiga mara ya pili kwa vidole vya mbwembwe, akanitupia jicho, akaongeza kidogo. Lori likaondoka Mai Mahiu likiwa limechelewa. Alipofika Molo fundi aliinua mkono. Kuinua mkono maana yake ilikuwa malizia, sahani imekwisha. Nilimwona Zakayo anavyoutazama ule mkono. Akapiga gita la kufungia, na wimbo ukaishia Molo.

Bwana Shebe alisema wimbo ni mtamu, hautarudiwa, na kuna kundi la waimbaji wa kanisa kutoka Njoro linangojea nje likipiga chafya tayari. "Na Kabazi?" nikauliza. "Kabazi kuna gramafoni ngapi?" akaniuliza naye. Ilikuwa moja, ya baba yangu. Jioni, tukiwa tunakula, niliwasikia yeye na mkewe wakibishana ng'ambo ya pazia: yeye alisema mahamri ndiyo yaliyomchelewesha kijana, Bi Zuhura alisema ni leso yangu. Zakayo alisema atamweleza mzee mwenyewe, ana kwa ana, kabla sahani hazijarudi. Tulikuwa na miezi. Lakini mtu mwenye miezi huona siku ni nyingi, na lori la mboga halikuwa na kazi Kabazi.

Sahani zilipofika ndipo nilipojua kwamba Bwana Shebe hakuwa mjinga. "Lori la Mboga" liliuzwa kuliko kitu chochote alichowahi kuuza. Desturi ya duka ilikuwa kwamba mteja anasikilizishwa kabla ya kununua, na mimi ndiye niliyeshika sindano. Lakini hawakutaka wimbo wote. "Dada, niwekee Gilgil," mmoja anasema. "Mimi nataka Njoro tu." Kwa hiyo nilijifunza kuzitazama zile njia nyembamba za sahani kwenye mwanga wa mlangoni hadi nikajua kila mji uko wapi, nikaweza kuinua sindano Naivasha na kuiteremsha Nakuru bila mkwaruzo. Watu walikuja kutazama mkono wangu. Mzee mmoja wa Njoro alilalamika kwamba Njoro imepewa maneno machache. "Lori lilikuwa na haraka," nikamwambia. "Haraka ya nini na Njoro kuna chai?" Mwingine wa Molo alitaka kujua kwa nini baridi imeimbwa na viazi havikuimbwa. Wote walinunua. Nilicheka kila siku mwaka ule, nikajiona mwenye mji.

Madereva ndio waliokuwa mawakala wetu; walipeleka masanduku kwenye hoteli za barabarani na maduka ya mashambani. Na dereva mmoja, mtu mwema wa moyo, alikuwa na safari ya Subukia, jirani na Kabazi, akakumbuka kwamba baba wa yule msichana wa dukani ana gramafoni mpya ambayo haijawahi kulia. Akachukua sahani moja, akampelekea zawadi. Baba aliwaita majirani. Alitoa kile kitambaa alichoifunikia mashine, akatia ufunguo, wakasikiliza Mai Mahiu, Naivasha, Gilgil. Watu walifika hadi Molo wakiwa wameinama mbele. Halafu gita likafunga. Mtu mmoja akamwambia baba ageuze upande wa pili, pengine Kabazi iko huko. Akageuza. Kulikuwa na wale waimbaji wa kanisa kutoka Njoro.

Neno la baba lilifika dukani na dereva yule yule, aliyelileta akiwa ameshika kofia mkononi. "Mzee amesema hivi: mtu anapita Naivasha, anapita Njoro, anafika mpaka Molo, na Kabazi haioni. Huyo hajui njia ya kwangu. Aoe Molo. Na Tabitha arudi nyumbani, hiyo duka imetosha." Hakuna aliyemcheka. Zakayo alikuwa ameegemea kaunta. Aliketi chini sakafuni. Mimi nilimjua baba yangu. Hakuwa mtu wa kelele, na neno lake akishalitoa, lilikaa kama kigingi. Nilikwenda chumbani kwangu kwenye magunia ya mchele, nikalia, kwa sababu nilikuwa nakwenda kupoteza mtu na kazi na nyumba kwa mkupuo mmoja, na vyote nilikuwa nimevipenda.

Nilipokuwa nafunga mzigo Bi Zuhura aliketi mlangoni akipepeta mchele. Nikamwambia, kama mtu anayesema maneno ya hewani tu, kwamba lau ningekuwepo siku ile Kabazi, ningeiinua sindano Molo, kabla gita halijafunga, na Zakayo angeimba Kabazi kwa mdomo wake, halafu ningeirudisha. Bi Zuhura alitupa mawe mawili ya mchele, akasema, "Nenda kwa baba yako, mwanangu. Usibishane naye. Mtu mzima akishaaibika mbele ya majirani, haponi mahali pengine ila mbele ya majirani hao hao."

Jumapili iliyofuata nilikuwa jikoni kwetu na mama na shangazi zangu, tukichemsha chai, niliposikia lori. Waliteremka watatu: Bwana Shebe na kofia yake, Zakayo na gita, na Bi Zuhura ndani ya buibui lililojaa vumbi la njia, akiwa na kapu la mahamri kichwani. Alikuwa ametuma neno mapema kwamba wanakuja kuomba radhi, na baba, kwa kuwa ni baba, alikuwa amewaita majirani wote walioaibika pamoja naye. Wageni waliketishwa sebuleni. Mimi nilibaki jikoni. Kwetu msichana hasimami mbele ya wazee waliokuja kwa ajili yake. Anakaa na wanawake, anasikia kwa ukuta. Basi niliweka sikio kwenye ubao.

Bwana Shebe alianza vibaya. Alieleza habari za mashine, na dakika, na meli. Baba alimwacha amalize. "Mimi sijui hiyo mambo ya mashine," akasema. "Najua Molo iko, Kabazi haiko." Majirani wakaguna. Zakayo akasema, "Mzee, mimi ndiye nilipoteza nafasi. Nilipiga gita mrefu kwa kujionyesha. Lakini Kabazi ninayo hapa. Naomba niiweke mahali pake." Baba akauliza itawekwaje ndani ya kitu kigumu namna ile. Zakayo akatia ufunguo, akalinganisha nyuzi zake na sauti ya mashine, iliyokuwa nzito kidogo, akaacha sahani iende. Lori likasafiri. Lilipofika Molo akajaribu kuinua sindano kwa mkono mmoja, gita liko kwapani. Nilisikia mkwaruzo ulionifanya nifumbe macho. Sindano ilikuwa imerukia Naivasha.

"Sasa ameanza tena mbali," baba akasema. "Huyu atafika lini?" Watu wakacheka, na hicho kicheko hakikuwa kizuri. Shangazi yangu alinishika mkono. Ndipo nikasikia sauti ya Bi Zuhura, tulivu, kama anayeomba chumvi. "Mzee Nahashoni, kwetu tunasema kawia ufike. Huyu kijana amekawia, hilo halina ubishi. Lakini kazi ya sindano si ya mpiga gita. Mkono unaoijua kazi hiyo uko hapo jikoni kwako, unapika chai."

Mama yangu aliacha kukoroga. Mzee mmoja akasema hilo halijawahi kufanyika, msichana kuitwa mbele ya wageni wake. Baba akasema, "Hata hiyo kinanda haijawahi kufanyika." Kisha akaita jina langu.

Niliingia nikiwa na majivu kwenye vidole, nikavifuta kwa leso. Sikumtazama Zakayo. Niliigeuza sahani kuelekea mwanga wa dirisha, nikaona Molo ilipo, nikatia ufunguo hadi mwisho, nikateremsha sindano pale ubeti unapoanza. Baridi ya Molo ikaimbwa. Neno la mwisho lilipotoka, nikainua. Hapakuwa na mkwaruzo. Zakayo akaudaka wimbo kwa gita pale pale, kana kwamba mashine na yeye ni mtu mmoja, akaimba:

*Dereva geuza lori, Molo baridi yashika,*
*Kabazi moto wawaka, na chungu kinachemka,*
*Mzee fungua lango, mgeni wako nafika.*

Watu wa Kabazi wakasikia Kabazi. Mama na shangazi zangu walikuwa wamejaa mlangoni. Kulikuwa na mzee mmoja, rafiki wa baba, aliyekuwa akipiga goti lake kwa kiganja, taratibu, bila kujua. Zakayo alinyamaza. Kilichobaki kilikuwa lile gita la kufungia tu, na nikaanza kuiteremsha sindano.

"Usiweke bado," baba akasema.

Nikabaki hivyo, sahani inazunguka chini ya mkono wangu, sindano iko hewani. Baba alisimama. Alikuja akasimama karibu nami, akatazama ile sahani inavyozunguka, akamtazama Zakayo, akanitazama mimi. Alisema kwa sauti ili majirani wote wasikie, "Huyu amefika. Nimemwona kwa macho yangu. Lakini mimi sikuulizwa peke yangu. Tabitha, ukiweka hiyo sindano umekubali kwenda na yeye, na mimi nimekubali. Kama hutaki, toa, wanywe chai waende zao. Fikiria kwanza."

Mashine ilikuwa imeanza kuchoka. Nilisikia inapunguza mwendo. Nilijua sina muda wa kuwa msichana mwenye haya.

"Baba," nikasema, "mkono unaniuma."

Nadhani Bi Zuhura ndiye aliyecheka wa kwanza, kisha jikoni kote. Baba alijaribu kukunja uso, ukamshinda.

"Basi weka," akasema. Nikaweka.